Nimelipia tiba ya hofu ya kupanda ndege: maoni ya mteja

Kwa wale mnaotaka jibu la haraka: inasaidia. Haikufanyi upende ndege, ila inakuwezesha kupanda na kushuka ukiwa na akili zako. Kuna mambo yaliyonikera pia, nitayataja huko chini. Jina la kliniki siweki, maana sitaki ugomvi na mtu.

Huduma yenyewe ni vikao vya ana kwa ana na mwanasaikolojia hapa Dar es Salaam. Mimi ni mtu wa Bukoba, na nilishapanda ndege huko nyuma bila shida, kwa hiyo anayedhani hofu hii ni ushamba asubiri kwanza. Kilichonivuruga ni ile asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege aina ya ATR 42 iliyotoka Dar ilipoangukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43, na 19 kati yao walifariki. Ziwa hilo ndilo ninaloliona nikisimama mlangoni kwetu. Na msiniambie nishukie Mwanza nipande meli. Mtu wa Kagera anayeikumbuka MV Bukoba, meli iliyozama ziwani humo Mei 1996, hahitaji kuelezwa kwa nini meli nayo inamtoa jasho.

Nikabaki na basi. Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Biharamulo, Muleba, kilomita karibu 1,400 za kukaa na magoti yamekunjwa. Nilivumilia mpaka shangazi yangu alipofariki. Nilifika ameshazikwa, watu wanakunja maturubai. Wiki hiyohiyo nikaanza kuulizia wataalamu.

Kitu cha kwanza kilichonifanya nimwamini yule mtaalamu ni kwamba hakunibishia. Kila mtu mwingine alikuwa na takwimu zake mdomoni, ndege ni salama kuliko gari, na mimi najua hivyo, nilikuwa najua hata siku ninatetemeka. Yeye alinipa karatasi nyeupe nichore ngazi: chini kabisa kitu kinachonitisha kidogo, juu kabisa kile nisichoweza hata kukifikiria. Chini niliandika kusikia sauti ya ndege ikipita juu ya nyumba. Juu kabisa niliandika kutua Bukoba wakati wa mvua. Halafu kila ngazi unaipa alama za hofu, sifuri mpaka kumi, na unapanda moja moja. Hupandi inayofuata mpaka hiyo uliyopo ianze kukuchosha.

Kuna zoezi moja ambalo nusura nimuage. Alinisimamisha katikati ya chumba akaniambia nipumue harakaharaka kwa mdomo, kama mtu anayekimbizwa, kwa dakika moja. Kabla dakika haijaisha vidole vikaanza kufa ganzi, midomo ikawasha, kichwa kikawa chepesi, moyo unadunda mpaka shingoni. Yaani yaleyale ninayoyasikia nikijiwazia kwenye kiti cha ndege. "Sasa dada yangu, hapa hakuna ndege," akasema. "Ni nini kimekupata?" Akanieleza kwamba ukipumua kwa kasi hivyo unatoa hewa ya kaboni dayoksaidi nyingi kuliko kawaida, na ndiyo maana vidole hufa ganzi. Haina maana unakufa. Tukalirudia zoezi hilo kila kikao, mpaka ganzi ya vidole ikaacha kunishtua. Hapo ndipo niliona pesa yangu imefanya kazi. Miaka yote nilidhani naogopa ndege, kumbe sehemu kubwa nilikuwa naogopa moyo wangu unavyoenda mbio nikiwa mahali nisipoweza kutoka.

Mazoezi mengine ni ya kawaida. Kusikiliza sauti za ndege kwa spika za masikioni, kwenda Kipawa kukaa karibu na uwanja wa ndege na kuzitazama zikipaa, kufuatilia safari za Mwanza kwenye programu ya Flightradar24. Hiyo programu ni nzuri ila uwe na kiasi, mimi ilifika mahali nikawa naamka usiku kuiangalia, na mtaalamu akaniambia niifute kwa muda.

Kikao kilichonifurahisha zaidi alimwalika rubani mstaafu, mzee mcheshi. Nilimwamkia, nikamwekea mezani orodha yangu ya sauti zinazonitisha, naye akaipitia kama mwalimu anayesahihisha daftari. Ule mngurumo unaopungua muda mfupi baada ya kupaa, wakati tumbo linahisi ndege inazama? Rubani amepunguza nguvu ya injini kwa sababu nguvu yote ya kupaa haihitajiki tena. Kile kishindo chini ya miguu? Magurudumu yanaingia ndani. Mlio wa kengele? Mara nyingi ni abiria anamwita mhudumu, au wahudumu wenyewe kwa wenyewe wanaitana. Injini moja ikizima je? Ndege za abiria za injini mbili zinatengenezwa ili ziweze kuendelea kuruka kwa moja na kwenda kutua, na marubani hufanyishwa mazoezi ya jambo hilo mara kwa mara. Kuhusu mabawa kupinda, alisema muundo wake lazima uhimili mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa hewani.

Nikamuuliza na lile la Bukoba. Hapo aliacha utani. Alisema upande wa magharibi wa ziwa mvua kubwa hupenda kupiga usiku kuelekea asubuhi, na kwamba rubani akizunguka au akiamua kurudi Mwanza abiria wasinune. Sikuhitaji zaidi ya hapo. Kama angeniambia haiwezi kutokea tena, ningesimama nikaondoka.

Safari ya kwanza ilikuwa Dar kwenda Zanzibar, ambayo hewani ni kama dakika 20 tu. Nilishauriwa nisianze na vile vindege vidogo vya injini moja, nichukue kubwa kidogo, nikae usawa wa mabawa ambapo mtikisiko husikika kidogo kuliko nyuma. Nikamwambia mhudumu mlangoni kabisa, "Dada, mimi naogopa." Akanijibu, "Karibu dada yangu, nitakuwa nakupitia," na kweli alipita. Mbinu iliyonisaidia kuliko zote ni chupa ya maji. Unaiweka mezani ikiwa nusu, mtikisiko ukianza unaitazama. Mwili wangu uliapa tumeporomoka mita mia. Maji yalicheza kidogo tu ndani ya chupa, yakatulia. Nikajua nani ananidanganya.

Bukoba ilikuja baadaye, kupitia Mwanza. Alama za hofu saba, siwafichi. Ndege inaposhuka kuelekea ule uwanja wa kando ya ziwa unaona maji, maji, maji, na mimi nilikuwa nimemshika mkono mzee wa kiti cha pili ambaye hatujuani. Hakuuondoa. Tulipogusa ardhi akaniuliza kwa Kihaya mimi ni wa ukoo gani.

Sasa malalamiko. Mapokezi yao ni ya kusubirisha watu, ukiambiwa saa kumi jua ni saa kumi na moja. Bima yangu ilikataa kulipia, kwa hiyo yote ilitoka mfukoni, na kikao kimoja ni kama nauli ya basi ya kwenda kwetu. Tiketi za mazoezi ni juu yako pia, jambo ambalo hawakunieleza mwanzoni. Na karatasi za mazoezi ya nyumbani zote ni za Kiingereza. Mimi nilimudu, lakini mama yangu, ambaye naye haipandi ndege kwa sababu ileile, angezifanyia nini?

Kuhusu dawa: rafiki aliwahi kunipa vidonge vya usingizi vya mumewe "vya safari". Mtaalamu alinikataza, pamoja na bia za uwanjani, kwa maelezo kwamba ukipita juu ya hofu ukiwa umelewa ubongo haujifunzi kitu, safari ijayo unaanza upya. Dawa kama unaihitaji, akuandikie daktari.

Nawapa nyota nne. Ukienda, kabla ya kulipa uliza mambo mawili: kama kuna mazoezi ya vitendo au ni maongezi tu, na kama yule rubani bado anakuja. Na uombe kikao cha asubuhi kabisa, kabla foleni yao haijaanza.