Chanjo ya homa ya manjano Lubumbashi: sindano safi, kadi yenye kasoro
Kabla ya kusafiri kwenda Afrika Kusini kupitia Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, nilichanjwa homa ya manjano katika kituo kimoja cha afya hapa Lubumbashi. Muuguzi alinieleza kwa utulivu kwamba cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano na kwamba, tangu Julai 2016, hudumu maisha yote, hivyo anayekudai urudie kila miaka 10 amepitwa na wakati. Kasoro ilikuwa kwenye kadi yenyewe, yaani hicho cheti: nafasi ya namba ya chanjo iliachwa tupu, na jina langu lilitofautiana na la pasipoti kwa herufi moja. Waliniandikia nyingine bila malipo, ingawa nilisubiri saa mbili kwa sababu mwenye mhuri alikuwa amekwenda kula.