Taa wa Mto Mae Klong: boti ya maana, kambare wa kubahatisha

Ukiuziwa safari ya uvuvi ya "siku moja ya taa na kambare" nchini Thailand, jua umeuziwa vitu viwili visivyolingana hata kidogo. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, ni wa kweli, na kwa ajili yake safari hii inastahili pesa. Kambare amewekwa kwenye tangazo ili lijae.

Mto Mae Klong unaanzia Kanchanaburi, pale Khwae Yai na Khwae Noi zinapokutana. Unapita Ratchaburi na kuingia Ghuba ya Thailand huko Samut Songkhram, kilomita 75 hivi kusini-magharibi mwa Bangkok. Waongoza wavuvi hufanya kazi kwenye kipande cha chini, jirani na Amphawa, ambako maji bado yanajaa na kupwa kwa amri ya bahari. Chini ya madaraja na kwenye kona za mto kuna mashimo yenye kina cha mita 10 hadi 20 na zaidi, sakafu ya tope laini, na humo ndimo analala taa mkubwa wa maji baridi, Urogymnus polylepis. Wathai humwita kraben.

Kwa kawaida unacholipia ni boti yenye paa, nahodha na wasaidizi wawili, fimbo, chambo, chakula cha mchana na usafiri wa kutoka hotelini. Kabla ya kutuma malipo ya awali, uliza bei ni ya boti au ya kichwa. Watu wawili kwenye boti moja ni sawa. Watatu tayari ni foleni, maana akinasa taa mmoja fimbo nyingine zote zinatolewa majini, na mwenye zamu anaweza kukaa naye saa moja hadi tatu. Boti inayopakia wavuvi wanne imeuza viti vya watazamaji kwa bei ya wavuvi.

Sasa vifaa, maana hapo ndipo waongoza wazuri wanapojitenga na wababaishaji. Fimbo inayofaa ni fupi na nene, ya aina inayotumika baharini kwa jodari wakubwa. Rili yake iwe ya chuma, yenye breki ya mkono (lever) isiyoruka-ruka, na mshipi wa kusukwa unaohimili ratili 100 hadi 200. Mwishoni kunafungwa kipande cha mita moja hadi mbili cha nailoni nene sana au kamba iliyosukwa, kisha ndoano ya duara kubwa, ile ambayo ncha yake imegeukia ndani. Chubwi, yaani kizito cha kuzamisha chambo, hukaa juu ya pete ya kuzunguka na huachwa iteleze. Uzito wake unategemea mkondo: nusu kilo maji yakiwa yametulia, kilo nzima yakikimbia. Chambo kinachopendwa ni pla chon, samaki wa mtoni mwenye kichwa kama cha nyoka, anayeishi saa nyingi akiwa kwenye ndoano.

Ukipewa ndoano ya kawaida yenye umbo la J, kataa. Mdomo wa taa uko upande wa chini wa mwili. Hakimbilii chambo kama changu au jodari, bali hujilaza juu yake, akakisaga kwa meno bapa, ndipo akaondoka. Ndoano ya J humezwa wakati huo wa kusaga, na kuitoa tumboni ni kumuua. Ya duara hujivuta hadi pembeni mwa mdomo anapoondoka, ikashika hapo. Kwa sababu hiyo hiyo hupaswi kuipiga fimbo kwa kishindo: kaza breki polepole, acha uzito wake ufanye kazi.

Kula kwa taa hakufanani na kula kwa samaki mwingine yeyote wa mtoni. Ncha ya fimbo inaitikia mara mbili, taratibu, kama mtu anayesinzia kwenye basi. Halafu kimya, labda dakika mbili. Kisha rili inaanza kutoa sauti ya kukwaruza, mshipi ukitoka kwa mwendo ule ule, bila haraka, kana kwamba chubwi imenaswa na jahazi linaloondoka. Mgeni hudhani ni gugumaji. Na ni kweli, gugumaji nalo lipo, lile lile linalowasumbua wavuvi wa Ziwa Victoria. Visiwa vyake huteremka na mkondo na kukokota mishipi yote kwa mpigo. Tofauti ni kwamba gugumaji huvuta kuelekea mkondo unakokwenda tu, na ukitazama juu ya maji utaliona. Taa huenda anakotaka.

Baada ya hapo kazi ni ya nahodha kuliko ya mvuvi, na hapa ndipo pa kupima huduma. Nanga iwe imefungwa boya, ili kamba iachwe majini mara moja na boti imfuate samaki bila mtu kupoteza dakika kumi akivuta chuma. Taa akichoka kukimbia hujibandika kwenye tope. Anaubana mwili wote chini na kunyonyana na sakafu, na mtu mzima mwenye nguvu zake anaweza kukaza fimbo hadi mikono ikatetemeka bila mshipi kurudi hata shibiri moja. Nahodha anayejua kazi ataleta boti hadi mshipi usimame wima kabisa juu ya samaki, aikaze breki, kisha auchape mshipi kwa vidole kama uzi wa kinanda. Mtetemo ule humkera. Akiinua ukingo mmoja wa mwili, maji huingia chini yake na mshiko unaachia. Hapo mvuvi avute mfululizo, shibiri kwa shibiri, bila kumpa nafasi ya kukaa tena. Nahodha mvivu huacha boti pale pale ilipokuwa, mshipi umelala kwa pembe, na mteja anavutana na tope, mkondo na nguzo ya daraja kwa wakati mmoja. Mishipi mingi hukatika hivyo. Utaambiwa samaki alikuwa mkubwa mno. Huenda, lakini kilichokata ni zege.

Sharti upewe mkanda wa kiunoni wenye kikombe cha kushikia kitako cha fimbo, pamoja na hanesi ya mgongoni. Bila hanesi, baada ya dakika 40 unavuta kwa kiuno kilichokufa, na kesho yake huinuki kitandani. Viatu viwe vya mpira visivyoteleza, maana ute wa taa ukimwagika kwenye sakafu ya boti ni kama sabuni.

Kuhusu namna anavyoshikwa akifika juu, usione haya kuwa mkali. Mwiba wa mkia wake unaweza kufikia sentimita 38, una meno yaliyogeukia nyuma na una sumu. Utaratibu mzuri ni huu: boti inasogea taratibu hadi ufukoni, maji ya kiunoni, wavu laini unapita chini yake, msaidizi mmoja anadhibiti mkia kwa taulo nene, anauzungusha mara tatu nne juu ya mwiba, kisha anafunga kwa utepe wa gundi. Samaki anabaki majini muda wote. Kupima, picha mbili, kutoa ndoano, kufungua mkia, kwaheri. Dakika kumi zinatosha.

Wapo wanaopitisha kamba kwenye tundu za kupumulia zilizo nyuma ya macho na kumvuta nayo kama ng'ombe wa mnadani. Wapo wanaovunja mwiba ili wafanye kazi kwa raha. Mwiba huota tena, lakini kwa muda wote huo umemwacha bila silaha. Na majike wenye mimba, ambao huzaa watoto hai, hutoa mimba kwa urahisi wakitaabishwa. Ukiona watoto wanatoka wakati wa kupiga picha, huo si muujiza wa kurekodi. Ni ishara kwamba aachiwe sasa hivi. Spishi hii iko kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya viumbe walio hatarini kutoweka, na mto huu wenyewe una jeraha lake: mwaka 2016, kati ya mwisho wa Septemba na Oktoba, makumi ya taa walielea wakiwa wamekufa, tukio lililohusishwa na maji taka ya kiwanda cha ethanoli mkoani Ratchaburi. Madaktari wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Chulalongkorn wamekuwa wakiwachunguza taa wa hapa kwa msaada wa wavuvi. Boti inayopima na kuandika kila taa ina thamani kuliko boti yenye spika kubwa.

Na sasa kilo. Karibu kila picha ya taa mtandaoni imeandikwa "kilo 200" au "kilo 300", na karibu hakuna aliyepimwa kwa mizani. Mmoja aliyepimwa kweli ni yule wa Kambodia, jimbo la Stung Treng, Juni 2022: kilo 300 kamili, upana wa mwili mita 2.2, urefu na mkia wake karibu mita 4. Alimpita kambare wa Mekong wa kilo 293 aliyevuliwa kaskazini mwa Thailand mwaka 2005. Mtumie taa huyo kama kipimo. Uzito hupanda kwa mchemraba wa upana, kwa hiyo taa wa mita 2 huenda akawa kilo 225 hivi, wa mita 1.8 ni kama 165, na wa mita 1.5 hafiki hata 100. Ni makadirio, ila yanatosha kuzima porojo. Omba upana upimwe kwa tepu, ukingo hadi ukingo, na uandike namba hiyo tu. Taa wa mita moja na nusu ni mnyama wa kutisha tayari, hahitaji kuongezewa kilo za maneno.

Tukirudi kwa kambare. Kambare mkubwa wa Mekong, pla buek, si mwenyeji wa Mae Klong. Anayekuahidi huyo kwa siku moja na taa ana mpango wa kukupeleka kwenye bwawa la kulipia, kama Bung Sam Lan jijini Bangkok, ambako wamepandikizwa na hulishwa. Bwawa si dhambi: utavuta samaki wazito siku nzima kwa donge la pumba na mkate, na ukiwa na watoto ni burudani safi. Lakini si mto, na isilipiwe bei ya mto. Wenyeji wa kweli wa mito ya hapa ni wengine, kama wale wa jamii ya Wallago, wenye mdomo mpana na meno, lakini nao huja kwa bahati. Ndoano na chambo vilivyofungwa kwa ajili ya taa ni vikubwa kwa wengi wao, na ukipunguza saizi ili uwapate kambare, taa akija anaondoka na kila kitu. Siku moja, lengo moja. Mwongoza anayekwambia hivyo waziwazi ndiye wa kumpa pesa.

Suala la dawa halitajwi kwenye tangazo lolote. Uliza kama kuna chupa ya maji ya moto botini. Ukichomwa mguuni au mkononi, sumu ya taa hupunguzwa makali kwa kuloweka jeraha kwenye maji ya moto yasiyozidi nyuzi 45 za Selsiasi, dakika 30 hadi 90, huku safari ya hospitali ikiendelea. Joto lijaribiwe kwa mkono usio na jeraha, maana uliojeruhiwa hauhisi vizuri na utababuka. Mwiba ukikwama kifuani, tumboni au shingoni, haung'olewi. Anayeung'oa ni daktari.

Kuhusu tarehe, watu wa pwani hawahitaji kufundishwa. Bamvua kubwa, maji yanayojaa na kupwa kwa nguvu, likija, hata chubwi ya kilo moja inabingirika na saa zenye maana zinabaki chache, pale maji yanapogeuka. Chagua maji mafu, siku za robo ya mwezi. Epuka Ijumaa hadi Jumapili jioni, kwa sababu soko la Amphawa linalotembea majini hujaa, na boti za kupeleka watalii kutazama vimulimuli hupita juu ya mishipi bila kuomba radhi. Siku moja bila kuliwa ni kawaida kabisa, hivyo weka mbili mfululizo, Jumanne na Jumatano, na kubaliana mapema kama siku ya pili ina punguzo endapo ya kwanza imetoka kapa.