Kompyuta itume na kupokea SMS: ununue njia gani Unguja na Pemba?

Ukitaka kompyuta ya skuli, zahanati au duka lako itume SMS, ulizia kwanza ripoti ya kufika, bei baadaye. "Imetumwa" maana yake mtandao wa simu umeupokea ujumbe. "Imefika" ni kwamba umeingia simuni. Mfumo usiotenganisha hayo mawili usiununue.

1. Lango la SMS la kampuni

Hili ndilo chaguo letu kwa wengi. Programu yako inaupeleka ujumbe kwa intaneti, kampuni inaufikisha Yas (Tigo na Zantel za zamani), Vodacom, Airtel na Halotel. Programu isikisie mtandao kwa tarakimu za mwanzo, kwani tangu 2017 mtu anaweza kuhama na namba yake. Kila namba ianze na 255, sifuri itoke.

Jina la mtumaji lisizidi herufi 11, nafasi nayo ikihesabiwa, na huidhinishwa kwanza, kwa hiyo liombe mapema. Jina halijibiki. Ukitaka wazee wa wanafunzi wakujibu, kodisha pia namba ya kupokelea.

Pesa nyingi hupotelea kwenye kialama cha "ng'". SMS moja hubeba herufi 160, lakini ukinakili "Ng'ambo" kutoka programu ya kuandikia iliyokipinda kialama hicho, kikomo kinashuka hadi 70, na ujumbe mrefu hukatwa vipande vya herufi 67. Tangazo la herufi 150 utalilipia mara tatu! Kinyooshe, na emoji usitie.

2. Modemu ya USB yenye laini

Ni kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, kizuri kwa kupokea na kwa taarifa chache, hata intaneti ikikatika. Programu ya Gammu, inayoiongoza modemu itume na ipokee SMS, ni ya bure. Ukichukua modemu ya Huawei E3372, isiwe ya aina ya HiLink, maana hiyo hujifanya ruta (kifaa cha kugawa intaneti) badala ya modemu. Modemu ikizimika katikati ya kutuma, mara nyingi tundu la USB halitoi umeme wa kutosha: tumia habu (kifaa cha kuongeza matundu ya USB) yenye adapta yake ya umeme. SMS zikijaa kwenye laini, mpya haziingii; programu izihifadhi kisha izifute. Kwa sekunde 5 kila ujumbe, watu 2,000 ni karibu saa tatu, na laini ya kawaida inaweza kufungwa kwa kutuma hivyo.

3. Simu ya Android

Ya majaribio tu. Ikituma SMS nyingi kwa muda mfupi husimama kukuuliza, na betri inayokaa chaji mchana na usiku kwenye joto letu huvimba.

Kabla ya kulipa, tuma kwa laini moja ya kila mtandao, simu moja ikiwa imezimwa. Iwashe baada ya saa moja, uangalie ripoti yake imebadilika au la.