Kafuta msimbo wa hitilafu kwanza, halafu kaniambia kontroboksi (kompyuta ya injini) imekufa

Gereji hii nilikuwa niipe nyota tatu, maana mashine ya kusoma hitilafu za gari wanayo, tena nzuri. Ila kila nikikumbuka yule fundi alivyobonyeza kufuta kabla hajaandika chochote, damu inanichemka.

Gari lilikuwa linamisi, likiwa sailensa (limesimama, injini inawaka bila kukanyaga mafuta) linatetemeka, na siku nyingine linagoma kuwaka. Jamaa kachomeka mashine chini ya usukani, ikatokea misimbo miwili ya hitilafu, P0300 na U0100. Nimeiona kwa macho yangu. Wa kwanza ni silinda kumisi ovyo ovyo. Wa pili, kompyuta nyingine za gari zimepotezana na ile ya injini. Hapo hapo akafuta! Ukifuta, zinaondoka na data zilizohifadhiwa hitilafu ilipotokea: mzunguko wa injini, joto la maji, mwendo. Huo ndio ushahidi wenyewe.

"Bosi, mbona umefuta?"

Hata kuniangalia hakuniangalia. "Mzee, fundi ni wewe au mimi? Kontroboksi imekufa hii."

Mita hakushika. Betri hakupima, umeme unaoingia kwenye kontroboksi hakupima, waya wa asi (unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri) ndiyo kabisa. Akafunga kontroboksi ya kutoa gari jingine. Injini inazunguka, haiwaki, kitaa cha ufunguo kinapepesa tu. Imobilaiza, ile kinga ya wizi, haiutambui ufunguo wangu! Mtu anajiita fundi wa kompyuta za magari, hilo halijui? "Liache, tutalihangaikia."

Nililihangaikia mwenyewe. Nikadai kontroboksi yangu, gari likavutwa hadi kwa fundi umeme mmoja mpole, ana mita ya kawaida tu. Ncha moja kaweka kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa asi wa kontroboksi, akasema piga stata. Mita ikapanda karibu volti 2, wakati inatakiwa ikae karibu na sifuri. Akaifuata asi hadi kwenye bolti yake, akafungua: kichwa cha waya kimeliwa na kutu ya kijani. Msasa kidogo, akakaza. Kontroboksi ile ile iliyokufa ikawasha gari, na mpaka leo halijamisi.

Mkienda pale, pigeni picha misimbo kabla mtu hajagusa kitu.

Sijui, labda siku ile alikuwa amechoka, na wengine wanasema amewafanyia kazi safi. Basi nyota mbili. Hapana, moja: nimekumbuka walinitoza hela ya kupima.