CT scan ya kichwa cha mbwa wangu, nilichokiona

Wenzangu wenye mbwa, kama mbwa wako ana nundu ngumu kichwani na unaambiwa eksirei inatosha, soma kwanza. Mbwa wangu, jina lake Bosi, ni Labrador, umri umeenda, nundu yake ilikuwa juu ya jicho la kushoto, ukiibonyeza haichezi, imeshika mfupa. Eksirei ilitoa wingu tu maana mifupa ya fuvu inapandana kwenye picha, hujui kipi kiko mbele kipi nyuma. Ndo tukapewa rufaa ya CT scan, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha kichwa kipande kwa kipande, kwenye hospitali ya wanyama ya chuo kikuu, huku Marekani tunakoishi.

Lazima apigwe nusu kaputi ili asitikisike, kwa hiyo wanapima damu kwanza na usiku wa kuamkia siku hiyo hali kitu. Picha zenyewe ni dakika chache, wanapiga kavu, halafu wanamchoma dawa ya ayodini mshipani wanarudia ili uvimbe uonekane vizuri. Daktari alinikalisha mbele ya kompyuta tukawa tunashuka na kichwa kipande kwa kipande, jamani, punje nyeupe zimeshikana kama bisi, akasema sura hiyo mara nyingi ni multilobula osteokondrosakoma, aina ya saratani ya mfupa, inakua taratibu na inapenda mifupa bapa ya fuvu. Kilichonitisha ni mfupa wa ndani kuliwa na uvimbe kuusukuma ubongo, wakati kwa nje unaona kinundu tu! Hapo wakaongeza MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, maana CT ni bingwa wa mfupa lakini ubongo umebanwa kiasi gani, umevimba wapi, MRI ndo inaona.

Nilichopenda zaidi, walipiga na kifua kwenye nusu kaputi ileile, kwa sababu uvimbe huu unaweza kusambaa mapafuni na CT inaona vidoa ambavyo eksirei inavipita. Mapafu yalikuwa safi, nililia.

Bei inauma kwelikweli, ulizia bima mapema. Na picha peke yake haithibitishi ugonjwa, bado walitoa kinyama kikaenda maabara ndo tukapata uhakika. Daktari wa upasuaji akatumia picha zilezile kupanga akate mfupa hadi wapi, na kwa vile uvimbe huu una tabia ya kurudi palepale, Bosi ataendelea kupigwa CT kila baada ya muda. Hospitali hiyo naipa nyota tano. Wewe muulize daktari wako kabla mbwa hajapigwa nusu kaputi kama na kifua kitapigwa siku hiyohiyo.