Dodoso la mitindo ya kujifunza, au maswali matano ya asubuhi?

Mwalimu wa Mbeya mwenye darasa la watoto sabini ana njia mbili za kuwajua. Dodoso la VARK, la Neil Fleming wa New Zealand, humwambia nani anapenda kuona, kusikia, kusoma au kutenda. Linafaa kuanzisha mazungumzo, basi. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti, wasione ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa "mtindo wake" humwongezea ufaulu.

Maswali matano ya somo la jana, yasiyo na maksi, humwonyesha nani bado hajaelewa, tuseme, sehemu za hesabu kama nusu na robo. Tena kule kukumbuka kwenyewe hukaza somo kichwani. Mimi nachagua maswali. Sehemu zenyewe wote wajifunze kwa kukata viazi, Mbeya havikosekani.