Misimu miwili na betri za lithiamu kwenye mota ya boti yangu: uzoefu wangu

Nianze na uzito, maana ndio ulionifanya ninunue. Boti yangu ni ya alumini, futi 17, na mbele imefungwa mota ya umeme ya volti 24 yenye msukumo wa pauni 80. Miaka minne niliiendesha kwa betri mbili za asidi, kila moja kilo 30 na ushee. Kila msimu ukiisha nilizitoa kwenye sanduku la mbele nikiwa nimeinama, mguu mmoja ndani ya boti, mwingine juu ya trela. Msimu wa mwisho mgongo ukakataa. Siku tatu nzima sikuweza kufunga kamba za viatu. Mke wangu akasema, "Baba Neema, uza boti au uza hizo betri." Nikauza betri.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, na huu ni mwaka wa 14 niko Minnesota. Kwa mtu aliyekulia ziwani, hapa si ugenini sana. Wenyeji huliita jimbo la maziwa elfu kumi, na hesabu halisi inapita 11,000. Superior, lililo mpakani kwetu, ndilo ziwa pekee la maji baridi duniani linaloizidi Victoria kwa eneo. Mimi huvua zaidi Mille Lacs, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Minneapolis. Ni ziwa pana, ng'ambo huioni vizuri, lakini kina chake hakifiki hata mita 14. Ziwa pana lisilo na kina ni ziwa la mawimbi: upepo ukigeuka, nusu saa tu maji yameshachafuka.

Kwa walio nyumbani ambao hawajaiona mota hii: si ya kukufikisha mbali. Hiyo ni kazi ya injini ya petroli iliyo nyuma. Hii ya mbele ni ya kuvulia. Unaiendesha kwa kanyagio la mguu au rimoti, haina kelele ya kufukuza samaki, na yangu ina kitufe cha nanga. Ukikibonyeza, mota inasoma GPS na kujigeuza yenyewe ili boti isitoke pale ilipo, hata kama upepo unasukuma. Chimbuko lake liko jirani tu: mwaka 1934, O. G. Schmidt wa Fargo, North Dakota, alichukua mota ya kuwashia gari la Ford Model A akaifunga pangaboi, na Minn Kota ikazaliwa. Samaki tunayemtafuta ni wolai, mwenye macho yanayong'aa kama ya paka usiku, samaki rasmi wa jimbo hili tangu 1965. Anapenda kukaa ukingoni mwa vilima vya mawe chini ya maji. Ukisogea mita kumi, umempoteza. Ndiyo maana betri ni jambo kubwa: kile kitufe cha nanga kinakula umeme kutwa nzima.

Nilinunua betri mbili za LiFePO4, volti 12 na ampea-saa 100 kila moja (ampea-saa ni kipimo cha umeme betri inaoweza kubeba), kwa dola 290 moja. Ni lithiamu iliyochanganywa na chuma na fosfati, tofauti na lithiamu ya simu, na haina tabia ya kushika moto kirahisi kama ile. Ukiziunga kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, unapata volti 24 lakini ampea-saa zinabaki zile zile 100. Wengi hukosea hapo, wanadhani wamepata 200. Kila moja ina kilo 11. Niliibeba ya kwanza kwa mkono mmoja kutoka kwenye gari, nikaiweka chini, nikasoma lebo mara ya pili kuhakikisha sikupewa saizi ndogo.

Majini tofauti inaonekana kabla hujatupa ndoano. Kilo 38 zimeondoka puani mwa boti, kwa hiyo pua imeinuka na boti inapanda juu ya maji mapema injini kubwa inapovuta. Lakini raha yenyewe ni nguvu isiyochoka. Betri ya asidi inakupa nguvu nzuri asubuhi, saa saba mchana mota inaanza kunung'unika, saa tisa unakanyaga na boti inajivuta. Tena hutakiwi kuishusha chini ya nusu, ukizoea hivyo inakufa mapema. Lithiamu inashika volti 13 na kidogo kwa kila betri karibu safari nzima. Saa kumi jioni mota inasukuma kama saa kumi na mbili asubuhi. Na unaweza kutumia karibu ujazo wote, si nusu.

Sasa nieleze siku ile ya Septemba, maana ndiyo sababu hasa ya kuandika haya.

Tulikuwa watatu: mimi, binti yangu Neema wa miaka kumi, na mzee mmoja wa Kisii tunayesali naye. Jumamosi tulivua kutwa. Usiku nikachaji, taa za chaja zikawaka kijani zote mbili, nikalala. Jumapili baada ya ibada tukarudi. Upepo wa kaskazini-magharibi ukapanda, nikabonyeza nanga juu ya kilima cha mawe ambacho juu yake maji hayazidi kimo cha mtu. Vitaa vya betri kwenye mota vilikuwa vinne, maana yake imejaa. Neema alikuwa amenasa samaki, fimbo imepinda. Mota ikanyamaza. Haikupunguza mwendo wala kulia. Ilinyamaza kama mtu aliyekatwa kauli.

"Baba, mbona tunarudi nyuma?"

Nikatazama. Mawe yalishaanza kuonekana chini ya maji, rangi ya kahawia, na wimbi lilikuwa linatusukuma ubavu. Mzee hakupaza sauti. Alisema tu, "Kijana wangu, washa ile ya petroli. Sasa hivi." Nikairukia. Ikawaka kwa mara ya kwanza, kwa sababu betri ya kuwashia injini nilikuwa nimeiacha ya asidi na ina waya zake peke yake. Tulitoka pale pangaboi likiwa limegusa jiwe mara moja. Samaki alikwenda. Neema alikuwa ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili, na sauti ya lile jiwe bado naisikia.

Nyumbani nilimwita rafiki yangu wa Bukavu anayetengeneza foklifti za umeme kwenye ghala moja. Alikuja na mita yake, akapima. Betri moja ilisoma volti 13.0. Nyingine sifuri. Nikasema basi imekufa, dola 290 zimekwenda. Akatikisa kichwa: "Hii betri iko muzima, ndugu yangu. Imejifunga. Nionyeshe chaja."

Ndani ya kila betri ya lithiamu kuna saketi ya ulinzi, wenyewe huiita BMS. Betri ikikaribia kuisha, ikipata volti nyingi mno, au ikivutwa ampea kupita uwezo wake, saketi inakata umeme kabisa. Ndiyo inayookoa betri, na ndiyo iliyonizimia mota. Ikikata, kwenye vichwa vya betri unaweza kusoma sifuri ilhali betri ni nzima.

Na chaja? Ilikuwa ile ile ya zamani, ya betri za asidi. Dukani niliuliza kwa mdomo wangu kama itafaa, nikaambiwa chaja ni chaja. Si kweli. Yangu ina hatua ya kufufua betri za asidi ambayo hupandisha volti juu kupita 15. Betri hizi zinataka 14.4 hadi 14.6, basi. Upande mmoja volti zilipozidi, BMS ilikata kuchaji kabla betri haijajaa, chaja ikaona kazi imeisha, ikawasha kijani. Kwa hiyo Jumapili nilitoka na betri moja iliyojaa na nyingine ya nusu. Zikiwa zimeungwa kwa mfululizo, ile dhaifu ikijifunga, zote mbili zimezima. Aliyeniuzia alikuwa na wajibu wa kunijibu sawasawa. Mtu akiuliza swali la usalama wa boti, jibu la haraka haraka linaweza kuzamisha watoto wa watu.

Halafu vile vitaa vinne. Vimepimwa kwa betri ya asidi, ambayo volti zake hushuka taratibu kadiri inavyoisha. Lithiamu haishuki hivyo. Inakaa juu, inakaa juu, kisha inaanguka ghafla. Kwa hiyo kitaa kinakwambia imejaa mpaka dakika za mwisho. Usikiamini hata kidogo.

Dawa yake niliipata kwa dola 45: kipimo cha ampea kinachofungwa kwenye waya hasi, kinahesabu kila ampea inayotoka na inayoingia, kisha kinaonyesha asilimia kwenye simu. Sasa najua kwamba siku tulivu ya saa nane hunila ampea-saa 40 hivi, na siku ya upepo huvuka 70. Ikifika asilimia 25, nafunga vifaa, narudi. Nikanunua na chaja ya lithiamu ya pande mbili, ampea 10 kila upande, dola 180. Ikichaji usiku mzima, asubuhi zimejaa. Ukijumlisha, gharama yangu halisi haikuwa dola 580 bali 805. Piga hesabu hiyo kabla ya kuingia dukani.

Baridi nayo. Mwezi wa nne huku bado usiku gereji inashuka chini ya sifuri. Nilichomeka chaja, ikagoma. Safari hii haikuwa kosa la mtu. Ukiichaji LiFePO4 ikiwa chini ya nyuzi 0, lithiamu haiingii mahali pake ndani ya betri, inaganda juu kama utando wa chuma, na uharibifu huo haurudi nyuma. Betri zangu zina kinga inayokataa chaji kwenye baridi. Si zote zinazo, hasa za bei ya chini, kwa hiyo uliza, na usome lebo. Kutumia kwenye baridi ni ruhusa, kuchaji ndiyo marufuku. Nilizibeba ndani, nikaziacha karibu na meza ya jikoni mpaka kesho yake, zikachaji vizuri. Siku hizi zinalala kwenye chumba cha chini cha nyumba majira yote ya baridi, zikiwa na chaji kama nusu, waya zimefunguliwa.

Mambo mengine nitayapita haraka. Usichanganye lithiamu na asidi kwenye mfululizo mmoja. Funga sakiti breka, yaani swichi inayojikata umeme ukizidi, kwenye waya chanya, yangu ni ya ampea 60 kwa kuwa mota ikikanyagwa mpaka mwisho inavuta 50 na zaidi. Kitabu cha mota yangu kinaonya usiikimbize juu ya asilimia 85 kwa muda mrefu ukitumia lithiamu, kwa sababu volti hazishuki na mota inapata joto. Sona ya kutafutia samaki niliipa kabetri kake, la sivyo kioo kinajaa chengachenga mota ikizunguka.

Je, ningenunua tena? Ndiyo, kesho asubuhi. Msimu wa pili wote, safari 40 na kitu, hazijanisumbua hata mara moja. Watengenezaji huahidi mizunguko 2,000 na zaidi ya kuchaji na kutumia, ilhali zile za asidi nilizibadilisha baada ya misimu miwili. Lakini kama unavua mara tano kwa mwaka kwenye kiziwa kidogo, na mota yako ni ya volti 12, betri ya asidi inakutosha. Usijitwishe gharama.

Mdogo wangu Ukerewe alisikia habari hizi akapiga simu. "Shikamoo kaka. Ukija Desemba niletee hizo betri." Nilimweleza kwamba ndege ya abiria hairuhusu betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na moja ya hizi ina 1,280. Pia mota kama hii haimfai mtu wa sangara anayekwenda mbali akiwa na nyavu. Kule ni injini ya petroli. Ila yeye ni mtu wa dagaa. Wakati wa giza wanaelesha taa za LED majini, kila taa na betri yake ya asidi, inatumika mpaka inakauka, na baada ya miezi michache imeshakufa. Hapo lithiamu ina kazi. Taa ya wati 20 kwa saa kumi ni wati-saa 200. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 20 inazitoa zote, usiku baada ya usiku, na Ukerewe hakuna baridi ya kuzuia chaji. Jua tu ndilo la kuangalia, betri isiachwe juani.

Nikamwambia atafute Mwanza, na asilipe chochote kabla hajanitumia picha ya lebo ya kidhibiti cha sola, kile kitakachochaji betri. Juzi picha ya kwanza ikaja: kilikuwa cha betri za asidi peke yake. Nikamwambia arudishe. Jana imekuja nyingine, ina sehemu ya kuchagua LiFePO4, na pembeni imeandikwa volti 14.6. Nikamjibu: lipa.